Mwalimu wa Mizimu ya Mchana

Mwalimu wetu wa Kiswahili alilidharau giza. Alisema mwandishi anayemtisha mtoto kwa kutumia usiku ni mvivu, maana usiku umeshamfanyia nusu ya kazi. Mizimu yake ilikuja mchana, saa saba, jua likiwa limesimama juu ya migomba na watu wazima wote wako shambani. Ni saa ambayo kijiji chetu cha Kirushya, wilayani Ngara, hunyamaza kiasi cha kusikia majani makavu ya mgomba yakikwaruzana bila upepo. Sisi watoto tulioachwa nyumbani kulinda maharage yaliyoanikwa uani tuliijua saa hiyo. Tulidhani tuko peke yetu. Yeye ndiye aliyetutia wasiwasi kuhusu hilo.

Jumatatu hadi Alhamisi alikuwa mkavu kuliko chaki. Alifundisha ngeli kama mtu anayepanga matofali. Hakucheka, hakushika fimbo, na aliyekosea alisimama mpaka apatie. Ijumaa, kipindi cha mwisho, alifungua mkoba wake mweusi, akatoa daftari kubwa la jalada gumu alilolifunika kwa gazeti, akakaa juu ya meza, jambo ambalo mmoja wetu angelifanya angejuta. Shule ilikuwa na kabati moja la vitabu. Vya hadithi humo vilikuwa vichache, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'olewa. Kwa hiyo aliandika za kwake, kwa kalamu ya bluu, na alipojaza daftari moja alianza jingine.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye boriti ya ofisi, na yeye alijua itagongwa saa ngapi vizuri kuliko yule aliyekuwa akiigonga. Binti wa hadithi angekuwa ameshainua mkono kuelekea kwenye kitasa, sisi tumeacha kupumua, halafu rimu inalia. Alifunga daftari. "Wasalimieni nyumbani," alisema, akatoka. Mwalimu mkuu alikiri mwenyewe kwamba Ijumaa darasa letu halikuwa na mtoro hata mmoja.

Katika imla alitukata alama kwa kila "l" iliyogeuka "r". Lakini hadithi ilipofika pabaya, ulimi wake mwenyewe ulirudi kwao. "Mlango" ukawa "mrango". Yeye hakujua. Sisi tulijua, na tulipolisikia neno hilo tulishikana mikono chini ya dawati, kwa sababu kitu kilikuwa karibu.

Mwanamke huyu aliyetutoa jasho kila wiki alikuwa anaogopa chura. Siku moja ya masika chura aliruka kutoka chini ya kabati, na kabla hatujaelewa, Mwalimu alikuwa juu ya kiti, gauni amelikusanya, anapiga yowe moja refu. Tulicheka mpaka tukalia. Chura alipotolewa nje, alishuka, akajinyoosha, akachukua chaki. "Sasa mmeiona hofu kwa macho yenu," alisema. "Andikeni mlichokiona. Asiandike mtu neno 'aliogopa.' Nataka mikono, miguu na sauti."

Hivyo ndivyo alivyotufundisha kuandika. Mimi nilimpelekea mzimu wenye vichwa vitatu na damu nyingi. Aliurudisha na maneno mawili matatu pembeni: vichwa vitatu, na hata kimoja sikiogopi. Aliniita mezani akaniambia kwa sauti ndogo, "Mtoto haogopi asichokijua. Anaogopa anachokijua kikiwa mahali si pake. Nyumbani kwenu ni kitu gani ukikikuta mahali si pake utashtuka?" Nilifikiri siku mbili. Nikaandika juu ya mtoto anayetoka shule na kukuta jembe la mama yake limeegemea ukuta, lina udongo mbichi, na mama hayupo, na kesho yake jembe limeegemea ukuta tena, na mama bado hayupo. Aliisoma akiwa amesimama. Hakuweka alama. Asubuhi iliyofuata alinipita mlangoni mwa darasa akasema, "Jana sikula vizuri." Leo hii naandika hadithi za watoto, na sijawahi kupata sifa iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Watu walishangaa kwamba alikuwa mtu wa kanisa. Jumapili alikaa benchi la pili, na Oktoba aliongoza rozari ya jumuiya. Padri alimuuliza mara moja, mbele ya watu, kama ni vizuri kuwajaza watoto mizimu. Alijibu, "Padri, nyinyi mnawaambia kuna malaika anawatazama kutwa nzima. Mimi nimeongeza mmoja asiyetulia." Padri alicheka. Yeye hakucheka. Na nilipomuuliza kama mizimu ipo kweli, aliniangalia kama niliyeharibu sentensi. "Haipo," alisema. "Ingekuwepo nisingeiandika."

Jibu hilo sikulielewa kwa muda mrefu.

Hadithi iliyoleta balaa iliitwa Mtoto wa Saa Saba. Binti yuko peke yake nyumbani. Saa saba, mbali kabisa, ng'ambo ya shamba la migomba, anasikia sauti ya mtoto mdogo inaita, "Mawe." Anatoka, hamna mtu. Siku ya pili sauti iko kwenye migomba. Siku ya tatu iko jikoni, na kwenye vumbi kuna unyayo mmoja mdogo, umelowa, na mvua haijanyesha mwezi mzima. Kila Ijumaa ilisogea.

Kwa Kihangaza, kama kwa Kirundi, mtoto anayemwita mama yake husema "mawe". Darasa zima tulikuwa watoto wa lugha hizo, na neno lile lilitupata kwenye mifupa. Mkaguzi aliyetoka mbali alikaa nyuma ya darasa Ijumaa moja, akasikiliza, akaandika kwenye karatasi yake, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, hayo mawe yanafanya nini hasa?" Tulicheka, na Mwalimu akamwacha aondoke bila kumweleza.

Rafiki yangu Devota, tuliyekaa naye dawati moja, ndiye aliyeipokea hadithi ile vibaya kuliko wote. Mama yake alikuwa mmoja wa wale waliovuka mpaka kwa miguu mwaka wa wakimbizi akiwa msichana, wengine wakarudi makwao, yeye akaolewa kwetu akabaki. Siku moja aliondoka kwenda kupalilia akamwachia Devota mdogo wake wa kiume, wa miaka miwili, amelala chumbani. Devota alikaa uani na maharage. Ilipofika saa saba, akasikia nyuma yake, ndani ya nyumba, sauti ndogo inaita, "Mawe."

Alikuwa mdogo wake ameamka. Devota alishajua hadithi imefika wapi: wiki ile sauti ilikuwa imeshaingia ndani. Hakugeuka. Alikimbia mpaka kwetu, akajibanza nyuma ya mtungi wa maji, na nilipomuuliza ana nini aliziba masikio kwa mikono. Tulipopata akili ya kurudi, mlango ulikuwa wazi, kitanda kitupu. Mtoto alikuwa ametoka kumtafuta mama yake. Tulimwita kwenye migomba yote. Mama yake alifika mbio kutoka shambani, jembe bado mkononi. Mtoto alikuja kupatikana jua limeshaegemea; mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi alimkuta akitembea katikati ya barabara kuu, mzima, ana kiu tu.

Kesho yake Mama Devota alikuja shuleni. Hakuingia ofisini. Alisimama mlangoni mwa darasa letu, mtoto mgongoni.

"Mwarimu," alisema, "hadithi zako zimenitolea mtoto nje ya nyumba."

Mwalimu mkuu alitoka ofisini akitaka kuwatuliza, akasema daftari litafungiwa kabatini, suala litazungumzwa kikao cha wazazi. Mwalimu wetu hakuonekana kumsikia. Alikuwa anamwangalia yule mtoto mgongoni.

"Alikuwa anaelekea wapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Mtoto. Mlipomkuta, alikuwa ameelekea upande gani?"

"Upande wa Mabawe," Mama Devota alisema. "Huko hatuna mtu. Alikuwa anakwenda tu."

Mwalimu alikaa kwenye dawati la mbele, kati ya wanafunzi wawili waliosogea haraka kumpisha. Kisha alilichukua daftari lake kutoka mkobani, akampa Mama Devota kwa mikono miwili, kama mtu anavyotoa sadaka. "Ni lako. Lichome ukitaka."

Muhula ule Ijumaa zetu zilikuwa za ngeli. Alifundisha mpaka kengele, akafuta ubao, akaondoka. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Devota hakusemwa na mtu, lakini alikonda, na kwenye dawati aliniachia nafasi kubwa kuliko inayostahili, kana kwamba ana kitu cha kuambukiza. Mimi nilijua kwamba angekuwa mtu mwingine yeyote darasani, angekimbia vilevile. Sikumwambia. Nilikuwa na hasira naye kwa ajili ya hadithi tulizozikosa.

Kumbe daftari halikuchomwa. Mama Devota hakuwa msomaji mzuri wa Kiswahili, lakini alitaka kujua ni kitu gani kilimkimbiza binti yake. Kila mchana alimkalisha Devota uani, pale pale, akamwambia asome kwa sauti. Walisoma hadithi zote, mpaka ile. Wiki kadhaa baadaye alirudi shuleni, safari hii na daftari chini ya kwapa.

"Mwarimu, hii haina mwisho."

"Sijauandika."

"Mtoto wangu halali. Anajua sauti imeingia ndani, hajui kitakachofuata. Ulimwanzishia wewe. Njoo umalizie."

Mwalimu alikwenda Jumamosi. Devota alinifuata nyumbani, mara ya kwanza kuongea na mimi baada ya muda, akaniomba niwepo. Ilikuwa mchana, saa ile ile. Mama Devota aliweka ungo wa maharage katikati, tukakaa wanne tukichambua, mdogo wake Devota akiwa amelala mapajani kwa mama. Mwalimu alianza kusoma pale alipoishia. Sauti iko chumbani. Binti anasimama. Anakwenda. Anashika mlango. Alisema "mrango".

Akaishia hapo, kidole kwenye mstari. Tulidhani anasubiri kengele.

"Sijui," alisema. "Kila nikifika hapa sijui."

Mama Devota aliendelea kuchambua. Hakumhimiza. Na Mwalimu, badala ya kusoma, akaanza kueleza, bila kututazama sisi watoto, kama vile tulikuwa hatupo.

Alikuwa bado mwalimu mpya mwaka ule watu walipokuwa wakivuka. Walipita mbele ya nyumba yake siku nzima, magodoro kichwani. Mchana mmoja msafara ulikuwa umepita wote, barabara imebaki tupu, akasikia mtu anagusa mlango, chini kabisa, si mahali watu wazima wanapogonga. Alikuwa mvulana wa kama miaka mitano, peke yake. Alimpa maji. Alimuuliza mama yake yuko wapi. Akaonyesha barabara kwa kidole akasema, "Mawe."

"Niliogopa," Mwalimu alisema. "Watu walikuwa wanasema kuna kipindupindu. Nilikuwa naishi peke yangu. Nilifikiri nikimwingiza ndani nitamfanyia nini kesho. Nikamwambia, kimbia, utamkuta mama yako, hawajafika mbali. Akanirudishia kikombe. Akakimbia."

Majani ya migomba yalikwaruzana.

"Jioni nilikwenda kumtafuta. Nilikwenda mpaka kambini, nikauliza kwenye mahema wiki nzima. Watoto walikuwa wengi. Sikuwa nimemuuliza jina."

Devota alikuwa ameacha kuchambua. Nilimwona anamtazama mama yake, na mama yake anatazama ungo.

"Sisi tulikuwa wengi, Mwarimu," Mama Devota alisema. "Mimi mwenyewe nilipotezana na watu wangu siku mbili. Mtu alinipa maji, akaniambia hivyo hivyo, kimbia. Nikakimbia. Nikawakuta."

"Wewe uliwakuta."

"Mimi niliwakuta. Wengi walikutana." Alimsogeza mtoto mapajani. "Siwezi kukudanganya kwamba wote."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Sijawahi kuona mtu akishukuru kwa neno gumu kiasi kile.

Kisha Mama Devota alimsukumia daftari. "Lakini hawa ni watoto, na wanataka kulala. Andika hivi. Binti amefungua mlango. Mtoto ameingia. Amepewa uji, ameulizwa jina lake, amelitaja. Amekaa hapo mpaka watu wamerudi kutoka shambani."

"Jina nani?"

"Mwache yeye alitaje. Devota, anaitwa nani?"

Devota alifikiri, akataja jina la mdogo wake. Mwalimu aliandika yote, neno kwa neno, kalamu yake ya bluu ikikwaruza, na alipomaliza akatusomea kwa sauti ya Jumatatu, kavu, bila kutetemeka. Devota alilala usiku ule. Ijumaa iliyofuata Mwalimu alikaa tena juu ya meza.

Aliniambia miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshakuwa mwalimu mwenyewe, kwamba aliona haya kwa mwisho ule, kwa sababu si wa kwake na si wa kweli. Lakini hakuufuta. Alisema pia kwamba ni afadhali mzimu. Mzimu unarudi, unakuita, unaweza kuusikia ukikulaumu. "Yule mtoto hajawahi kurudi hata ndotoni," alisema. "Nimemwita kwa madaftari kumi na moja."

Nilipochapisha kitabu changu cha kwanza cha hadithi za kutisha za watoto, nilimpelekea nakala. Alikuwa amestaafu, amehamia Nyabusozi, huko Biharamulo, kwa mdogo wake wa kike, na macho yalikuwa yamemwisha karibu yote. Nilifika asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sogea nikuone." Hakuniona. Alinishika uso kwa mikono miwili. "Umenenepa. Soma."

Nilimsomea uani, mdogo wake akimenya mihogo karibu yetu. Alinikatiza mara nyingi. Hapa umeharakisha. Hapa umeeleza mno, mwachie mtoto kazi. Kwenye hadithi moja nilikuwa nimeweka paka, kwa sababu mchapishaji aliogopa wazazi na alitaka mwishoni ijulikane kwamba ni paka aliyekuwa akikwaruza dari. Mwalimu alinikatiza tena. "Nani alikuambia uweke paka?" Nilimweleza. "Mwambie huyo mtu," alisema, "mtoto atasoma, atacheka, halafu atalala akiwaza, na kama si paka? Afadhali ungemwonyesha mzimu wenyewe." Lakini hadithi ya mwisho aliisikiliza mpaka mwisho bila neno, na kwenye ukurasa wa mwisho aliweka kiganja juu ya karatasi, kama anayeangalia kama bado ina joto.

Nilipotaka kuondoka aliomba fimbo yake. Mdogo wake alinikonyeza kwamba nisibishe. Tulikwenda polepole hadi kituoni, pale magari ya kwenda Biharamulo mjini yanaposubiri abiria, mkono wake kwenye kiwiko changu. Hiace ilikuwa imejaa nusu, kondakta anaita. Nilimshukuru, nikamwambia arudi, jua kali.

"Nani anakungoja?" aliuliza.

"Binti yangu. Nimemwacha Ngara kwa jirani."

"Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Mpigie."

Nilipiga. Jirani alimpa simu, na sauti ya binti yangu ikatoka kubwa, maana nilikuwa nimefungua spika: "Mama, uko wapi? Umesema utarudi mchana!" Kabla sijajibu, Mwalimu alinyoosha mkono, akaipokea simu, akaishika mbali kidogo na uso wake, kwa mikono miwili.

"Unaitwa nani?" aliuliza.

Binti yangu alitaja jina lake.

Mwalimu alilirudia, taratibu, kila herufi. "Sikiliza. Usitoke hapo nyumbani. Mama yako anakuja, yuko njiani."

"Bibi, unamwona?"

"Namwona. Ameshapanda gari. Amekaa dirishani."

Kondakta alikuwa anapiga bodi ya gari kwa kiganja. Mimi nilikuwa bado nimesimama kando yake, mkoba begani, na siwezi kusema kama alinisahau au la. Alisikiliza mpaka binti yangu aliposema, "Haya, bibi," kisha akanirudishia simu, akanigusa mgongoni.

"Umesikia nilivyomwambia," alisema. "Nenda ukakae dirishani."

Nilipanda. Dirishani alikuwa amekaa mzee mmoja na debe lake la mafuta. Nilimwomba anipishe.